Kuhifadhi si Kukumbuka

Katika kabati langu la vitabu, hapa Tarime, pana albamu moja ya stempu ambayo jalada lake limekwisha kushonwa mara mbili. Ndani yake mna stempu za merikebu na manowari tu. Wageni wanaoifunua hushangaa. Huniuliza mzee wa nchi ya vilima na ng'ombe, aliyeiona bahari kwa mara ya kwanza akiwa mtu mzima, ana lipi na manowari. Huwajibu kwa mzaha kwamba mtu hupenda asichokuwa nacho. Jibu hilo si la uongo, lakini si lote. Katika kurasa hizi nataka kulisema lililobaki, na kuuliza swali ambalo limenikaa moyoni kwa zaidi ya miaka sitini: je, anayekihifadhi kitu ndiye anayekikumbuka? Na kama sivyo, anadaiwa nini?

Nianze na stempu iliyo kongwe kuliko zote nilizonazo. Ni ya utawala wa Wajerumani, ya mwanzoni mwa karne ya ishirini, nayo imepigwa mhuri wa Mwanza. Ina picha ya Hohenzollern, jahazi la fahari la Kaiza. Stempu hizo zilipoanza kutumika, bei yake iliandikwa kwa pesa na rupia. Kuanzia mwaka 1905 ikaandikwa kwa heller. Mchoro ule ule wa merikebu ile ile ulitumika katika makoloni yote ya Ujerumani, toka Togo na Kamerun hadi visiwa vya Samoa. Chombo hicho hakikupata kuelea katika Ziwa Viktoria. Hata hivyo kila aliyetuma barua kutoka Mwanza alilipa ili merikebu ya mfalme asiyemjua isafiri juu ya bahasha yake. Hapo ndipo mtu anapojifunza kwamba stempu si risiti tu. Ni tangazo. Dola inamwambia kila mpokeaji wa barua: hiki ndicho kinachostahili heshima.

Waingereza nao hawakuwa nyuma. Mwaka 1935 posta ya Kenya, Uganda na Tanganyika ilitoa stempu yenye picha ya jahazi katika Ziwa Viktoria. Ni picha nzuri ajabu, lakini ilikuwa na kosa. Kamba moja ya upande wa kushoto haikufika kwenye tanga. Iliishia hewani, kana kwamba jahazi linakwenda kwa imani tu. Baada ya muda mchoro ukasahihishwa, kamba ikaungwa. Leo wakusanyaji wanazitafuta zote mbili, yenye kosa na iliyosahihishwa, na huziweka ubavu kwa ubavu. Namwomba msomaji aishike kamba hiyo mkononi, maana nitairudia.

Sasa nieleze jinsi merikebu ya Kaiza ilivyofika katika albamu yangu.

Mwaka 1963 nilikuwa mwanafunzi wa shule ya kati. Wakati huo Tarime bado ilijulikana kama North Mara. Vijana wengi wa kwetu walikuwa wamekwenda katika jeshi la King's African Rifles, lakini mtoto wa mama mmoja jirani yetu alifanya jambo ambalo halikuzoeleka: alijiunga na jeshi la majini la Afrika Mashariki, lililokuwa na makao yake Mombasa. Jeshi hilo lilivunjwa mwaka 1962. Kijana huyo hakurudi nyumbani. Alitafuta kazi katika meli za biashara, akawa anaandika barua kila baada ya miezi miwili au mitatu.

Barua zilikuja kwa sanduku la posta la misheni, nami nilikabidhiwa nizipeleke siku ya Jumamosi. Mama yule hakujua kusoma. Nilikaa kigodani mbele ya jiko lake, nikasoma Kiswahili cha mwanawe na kukigeuza kuwa Kikuria, sentensi kwa sentensi. Alinirudisha nyuma mara nyingi. "Hapo alipouliza habari za ng'ombe, soma tena." Nilipomaliza alinipa uji, nami nilimwomba stempu. Alicheka. "Hako kakaratasi? Kachukue, mwanangu." Nilichukua wembe, nikakata pembe ya bahasha, nikaenda zangu.

Barua ya mwisho ilikuja katikati ya mwaka ule. Ilikuwa fupi. Alisema amepata kazi katika meli kubwa, wanang'oa nanga kesho, na akifika ataandika na kutuma fedha za mabati. Hakutaja mji aliokuwa ndani yake. Aliandika tu "hapa tulipo". Juu ya bahasha palikuwa na stempu niliyoitamani kuliko zote nilizopata kuziona: merikebu ya matanga yenye milingoti mitatu, kichwa cha Malkia pembeni, na mhuri mweusi uliolala juu ya mawimbi. Nilikata pembe ile. Nyumbani niliiloweka katika bakuli, gundi ikaachia, nikaianika juu ya daftari. Wiki iliyofuata nilibadilishana na mwenzangu shuleni, ambaye babu yake alikuwa ameacha sanduku la karatasi za zamani. Yeye akapata milingoti mitatu, mimi nikapata merikebu ya Kaiza.

Miezi minane ikapita bila barua. Mama alikwenda wilayani kuuliza. Karani alimsikiliza vizuri, akamwambia kwamba wanaweza kuandika kuuliza, lakini lazima wajue barua ilitumwa kutoka bandari gani na tarehe gani, alete bahasha. Mama alikuwa ameitunza. Aliifungua kanga, akamwonyesha bahasha yenye tundu la pembe nne mahali palipokuwa na mhuri.

Jioni ile alikuja kwetu na bahasha mkononi. Aliniuliza, "Mwanangu, hapa palikuwa na nini?" Nilimjibu, "Sijui, Mama. Labda panya."

Naam, hilo ndilo jibu langu. Nilikuwa na miaka kumi na minne, nilikuwa kijana wa kanisani na wa kwanza darasani.

Usiku ule nilijaribu kukumbuka. Niliweza kuiona milingoti, niliweza kuhesabu matanga, ningeweza hata kuichora ile stempu. Jina la nchi halikuja. Makoloni mengi ya Uingereza siku hizo yalikuwa na stempu zenye kichwa cha Malkia na picha ya chombo cha majini. Ingeweza kuwa yoyote. Mhuri sikuusoma kabisa, kwa kuwa niliuona kama uchafu ulioharibu picha. Nilimwendea mwenzangu niliyebadilishana naye. Alikuwa amekwisha kuibadilisha kwa kisu cha mfukoni na kijana ambaye alikuwa amehamishwa shule. Kijana yule wa meli hakuandika tena, wala hakurudi.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nimeifundisha methali hiyo kwa miaka mingi, na sidhani kama wanafunzi wangu walijua kwa nini sauti yangu hushuka ninapoitaja.

Kwa muda mrefu nilijitetea kwa hoja mbili. Kwanza, mama mwenyewe alinipa. Pili, sikujua. Hebu tuzipime hoja hizi kama zinavyopimwa darasani.

Hoja ya kwanza ina nguvu machoni pa sheria, lakini ni dhaifu mbele ya dhamiri. Ni kweli alinipa, lakini alitoa asichokijua. Yeye alidhani ametoa kakaratasi kenye picha. Kumbe ametoa jina la mji na siku. Kati yetu wawili mimi ndiye niliyejua kusoma. Anayejua anapopokea kutoka kwa asiyejua, mzigo wa kujua thamani ya kitu unamwangukia yeye. Mzee anayeweka kidole gumba kwenye mkataba asioweza kuusoma ametoa idhini, lakini nani kati yetu atasema kwamba mambo yamekwisha hapo? Elimu humwongezea mtu haki chache na wajibu mwingi.

Hoja ya pili ina uzito zaidi. Sikujua, na mtoto wa miaka kumi na minne hawezi kulaumiwa kwa kutotabiri. Ningeweza kuishia hapo, kama si yule panya. Nilipokata pembe ya bahasha nilikosa kwa kutojua. Nilipomsingizia panya nilikosa nikijua. Makosa hayo mawili hayafanani hata kidogo, na ninadhani sehemu kubwa ya uovu wa duniani hutokana na kuyachanganya: mtu huchukua udhuru wa kosa la kwanza akafunikia la pili.

Mwaka 1974, nikiwa mwalimu, nilirudi nyumbani likizo nikamwendea yule mama. Alikuwa amezeeka, anaanika ulezi. Nilimweleza yote, toka wembe hadi panya. Alinyamaza kitambo, mikono ikiendelea na kazi. Kisha akasema, "Kukata ulikuwa mtoto. Lakini siku ile ungeniambia. Tungekwenda wote wawili kumtafuta yule kijana mwenye stempu." Hakusema zaidi. Alinikaribisha chakula, nikala kwa shida.

Basi alikuwa ameona kile ambacho mimi, mwalimu, sikukiona kwa miaka kumi na moja. Siku ile stempu ilikuwa bado ipo mahali fulani, mikononi mwa mtoto fulani. Kilichoipoteza kabisa ni ukimya wangu.

Tangu hapo nimezitazama stempu za manowari kwa jicho jingine. Nimejiuliza kila moja inasema nini, na inanyamazia nini.

Chukua vita vya Ziwa Tanganyika. Mwaka 1915 Waingereza walileta boti mbili ndogo za injini, Mimi na Toutou, kutoka kwao hadi Afrika Kusini kwa meli, kisha kwa treni hadi Katanga. Hapo reli iliishia. Boti zikavutwa kwa mitambo ya mvuke na kwa ng'ombe kuvuka milima ya Mitumba, njia ikifyekwa na madaraja yakijengwa kwa mikono ya Wakongo. Tarehe 26 Desemba 1915 boti hizo zikaiteka Kingani ya Wajerumani. Februari 1916 zikaizamisha Hedwig von Wissmann. Wajerumani wenyewe waliizamisha Graf von Götzen huko Kigoma mwezi Julai mwaka huo. Ikaibuliwa mwaka 1924, ikapewa jina la Liemba, na kizazi baada ya kizazi cha abiria wa Kigoma kikasafiri ndani yake. Majina ya boti yamehifadhiwa, na la kamanda wake, Spicer-Simson, pia. Hata majina ya mzaha aliyoyachagua yanajulikana. Waliofyeka ile njia tunawaita "wafanyakazi".

Au chukua Königsberg. Septemba 1914 iliizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus hapo Unguja. Julai 1915 ikafia katika delta ya Rufiji. Mizinga yake ikatolewa na kuburutwa nchi kavu ili ipigane tena. Mmoja upo Fort Jesus, Mombasa, mwingine Pretoria, na watalii hupiga picha kando yake. Chuma kimepata makumbusho. Walioburuta chuma hicho, na wapagazi wa pande zote mbili waliokufa kwa makumi ya maelfu kwa njaa na kuhara damu, wamebaki katika jina la Kariakoo, ambalo wengi wanaokwenda kununua vitambaa huko Dar es Salaam hawajui lilitoka katika kikosi cha wapagazi.

Hata kwao wenyewe mambo si tofauti sana. Mwaka 1982 posta ya Uingereza ilitoa stempu tano za kuadhimisha historia ya manowari zake. Ninazo zote. Kila moja ina mkubwa mmoja na merikebu yake: Mfalme Henry wa Nane na Mary Rose, Blake, Nelson, Fisher, Cunningham. Mwaka huo huo, mwezi Oktoba, mabaki ya Mary Rose yaliibuliwa kutoka chini ya bahari ilikozama mwaka 1545 pamoja na mamia ya watu. Wataalamu wakakuta mifupa ya mabaharia, viatu vyao, vitana vyao, bakuli zao za kulia. Nilisoma habari hizo nikafungua albamu, nikamtazama mfalme. Yeye alikuwa nchi kavu siku ile merikebu ilipozama. Kwenye stempu ni yeye aliye mbele.

Mwalimu mwenzangu mmoja, ambaye tulisahihisha mitihani pamoja miaka mingi, aliwahi kunipinga. "Stempu," alisema, "ni upana wa vidole viwili. Unataka waandike majina ya wapagazi elfu tano humo? Kila heshima ni uchaguzi. Ukimtaja mmoja umemwacha mwingine, na asiyetaka kuacha yeyote hatamtaja yeyote."

Nilikubali kwamba hoja yake ni ya kweli, na sijapata ya kuivunja. Mchoraji hawezi kuchora wote. Lakini sikukubali kwamba mambo yanaishia kwa mchoraji. Ikiwa stempu haiwezi kusema yote, basi anayeiweka ndiye anayebaki na wajibu wa kusema lililobaki. Nafasi iliyo finyu ni udhuru wa stempu. Si udhuru wangu mimi mwenye kurasa nzima tupu pembeni yake. Dola nazo ni vivyo hivyo. Huenda waliochora hawakujua. Hilo ni kosa la wembe. Anayejua leo na bado akaeleza habari za Kaiza, maamiri na mizinga kana kwamba vyombo vilijibeba vyenyewe, huyo anamsingizia panya.

Wapo pia vijana walioniambia, kwa hasira inayoeleweka, nizichome stempu za wakoloni. Mmoja aliniuliza ninawezaje kuipenda picha ya jahazi la Kaiza wakati utawala wake uliwaua watu wengi mno katika vita vya Majimaji. Nilimjibu kwamba naipenda, na sioni aibu kusema hivyo, kwa sababu mkono uliochonga ule mchoro ulikuwa mkono hodari. Uzuri haumwombi mtu ruhusa. Kinachotakiwa kwangu ni kutouruhusu uzuri huo uwe mhuri wa kufunga mdomo. Kuichoma ingekuwa kukata pembe ya bahasha kwa mara ya pili. Anayekuja nyuma yetu angekuta tundu, na sisi tungemwambia ni panya.

Hapo ndipo ninapoirudia ile kamba. Waliotengeneza stempu ya mwaka 1935 walikosea; kamba haikufika kwenye tanga. Kosa lilipoonekana, wakaiunga. Stempu zenye kosa hazikufichwa, na hakuna aliyesema ni za mahali pengine. Anayeziweka mbili pamoja anaona kosa na anaona sahihisho, na anajua kipi kilitangulia. Sijui mfano bora zaidi wa jinsi mtu, au nchi, inavyopasa kuishi na makosa yake.

Basi nimejaribu kuiunga kamba yangu. Miaka mingi iliyopita niliacha kukata bahasha. Barua ikinijia huihifadhi nzima, mhuri na anwani, hata kama stempu yenyewe ni ya kawaida. Mwaka 1969 posta ya Afrika Mashariki ilitoa stempu za vyombo vyetu wenyewe, Umoja na Victoria zikiwamo, meli za ziwa letu ambazo watu wa Mara walizipanda. Pembeni mwa ukurasa wake nimeandika, kadiri nilivyoweza kuuliza, kazi walizofanya ndugu na majirani zetu katika meli: mpishi, mchochea moto, mpakia magunia pale Musoma. Nimeandika pia Mei 21, 1996, siku MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza ikiwa na mamia ya abiria. Sina stempu yake. Nimeacha mraba mtupu, nikaandika tarehe.

Nilipokuwa mkuu wa chuo cha ualimu niliwaonyesha wanachuo albamu hiyo kila mwaka, katika somo la historia. Niliwaomba wataje wanachokiona katika picha, kisha wataje wasichokiona. Sehemu ya pili huchukua muda mrefu zaidi. Mwanachuo mmoja kutoka Serengeti, binti mpole aliyekaa nyuma, aliinua mkono akauliza: "Mwalimu, na hii yenye jahazi la Kaiza, uliipata wapi?" Nilikuwa nimelijibu swali hilo mara nyingi kwa kusema nilibadilishana shuleni, jambo ambalo ni kweli. Siku ile niliwaeleza habari ya bahasha. Darasa lilinyamaza, kisha tukaendelea na kipindi.

Ndugu msomaji, nimesema nina swali, na sasa nidokeze jibu langu. Anayehifadhi si lazima awe anakumbuka. Mimi nilihifadhi milingoti mitatu kichwani mwangu kwa miaka sitini, na sikukumbuka hata herufi moja ya jina la mji. Tunahifadhi kile kinachotupendeza. Tunakumbuka kile tunachokubali kuwajibika kwacho. Kabati lililojaa si ushahidi wa kumbukumbu. Pengine ni ushahidi wa pembe nyingi zilizokatwa.

Chini ya jahazi la Kaiza, katika ukurasa wa kwanza wa albamu, nimeandika kwa wino maneno haya: "Imepatikana mwaka 1963 kwa stempu ya barua ya mwisho ya baharia wa kwetu, aliyesema atatuma mabati." Jina lake nimeliandika humo, na la mama yake pia, ingawa sikulitaja hapa, kwa kuwa ukoo wake bado upo. Wajukuu wangu wanajua kwamba siku nitakapoondoka wanaweza kuiuza albamu wakipenda. Nimewaomba jambo moja tu: wasiutenganishe ukurasa huo na maandishi yake.